Naambiwa maziwa yangu hayamtoshi mtoto

Shikamoo Mama,

Nina binti wa wiki saba, ndiye mtoto wangu wa kwanza. Tangu azaliwe nimekuwa nikimnyonyesha, na sikupata shida kubwa mpaka wiki hizi mbili za karibuni. Sasa nimechanganyikiwa. Kila ninayemuuliza ana jibu lake.

Mwanzoni matiti yalikuwa yanajaa mpaka yanauma, naamka usiku nguo imelowa. Siku hizi hayajai tena. Yamelegea, laini kabisa, hata asubuhi. Na mtoto naye, ikifika saa kumi na moja jioni mpaka saa nne usiku, hataki kuachia titi. Ananyonya, anaachia, analia, anataka tena. Mchana si mbaya hivyo, lakini jioni ni vita.

Mama mkwe yupo hapa kunisaidia, na kweli ananisaidia, sitaki kumsema vibaya. Ila yeye anasema maziwa yangu ni mepesi, hayamshibishi mtoto, na kwamba mtoto aliyeshiba halii. Nikaamua kujipima. Saa moja hivi baada ya kunyonyesha nikajikamua kwa pampu, matiti yote mawili yakatoa mililita 40 tu, tena yana rangi kama ya maji. Nililia. Jioni hiyo mume wangu akanunua maziwa ya kopo. Tulimpa mtoto mililita 60 baada ya kunyonya, akazimaliza zote, akalala saa tatu mfululizo. Mama mkwe hakusema kitu, aliniangalia tu.

Leo ni siku ya tano anapata chupa mbili kwa siku, moja asubuhi na moja jioni, zilizobaki ananyonya. Kwenye kadi ya kliniki, alizaliwa na kilo 3.0, siku ya tano akawa 2.8, na wiki ya sita alikuwa 4.2. Muuguzi alisema yuko sawa, foleni ilikuwa ndefu, sikuuliza zaidi. Mkojo anakojoa, kabla ya kuanza chupa nilikuwa nabadilisha nepi saba au nane kwa siku, zote zimelowa. Choo ndiyo kimebadilika, zamani mara nne kwa siku, sasa zimepita siku mbili hakuna kitu. Mtoto wa jirani waliyepishana siku chache ni mnene karibu mara mbili yake.

Nifanye nini? Niendelee na kopo? Maziwa yakipungua huwa yanarudi? Na mama mkwe nimwambieje?

Mama Binti

*

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa binti, na pole kwa jioni hizo.

Jibu la swali lako kubwa umeliandika mwenyewe, pale ulipotaja mzani na nepi, halafu ukalipita haraka kwenda kwenye mtoto wa jirani. Turudi hapo.

Kupungua kutoka 3.0 hadi 2.8 katika siku za mwanzo ni kawaida. Watoto wengi wachanga hupoteza uzito kidogo baada ya kuzaliwa, na sisi wakunga huanza kushtuka upungufu ukikaribia sehemu ya kumi ya uzito wa kuzaliwa, au mtoto akifika wiki mbili bila kuurudisha. Wako alipungua gramu 200, kisha kuanzia siku ya tano hadi wiki ya sita akaongeza kilo 1.4. Gawanya kwa siku hizo, unapata karibu gramu 38 kwa siku. Katika miezi mitatu ya mwanzo tunaridhika tukiona gramu 20 hadi 30 kwa siku. Na angalia tarehe: uzito huo wote ulipatikana kabla kopo halijaingia nyumbani kwako. Hakuna mtu mwingine aliyemlisha. Hayo maziwa mnayoyaita mepesi ndiyo yaliyojenga hiyo kilo na nusu kasoro kidogo.

Nepi nazo zinasema hivyohivyo. Mtoto anayepata maziwa ya kutosha, akishapita siku ya tano ya maisha yake, hulowesha nepi sita au zaidi katika saa 24, na mkojo wake ni mweupe au wa njano hafifu, hauna harufu kali. Wako alikuwa anazo saba au nane. Kama unatumia zile nepi za kutupa na hujui iliyolowa vizuri inakuwaje, mimina vijiko vitatu vya mezani vya maji kwenye nepi safi, ushike uzito wake mkononi. Au mvalishe vitambaa kwa siku moja uhesabu.

Choo usikitumie kama kipimo cha shibe kwa umri huu. Katika wiki za mwanzo ndiyo, tunataka kuona choo cheusi kikigeuka kijani na kufika njano ndani ya siku nne tano, kisha kije mara tatu, nne kila siku. Lakini kuanzia wiki ya sita hivi, mtoto anayenyonya anaweza kukaa siku kadhaa bila choo, na kikija kiwe laini na kingi. Hilo halina shida. Kwako kuna jambo moja la kuangalia, kwamba maziwa ya kopo hufanya choo cha watoto wengi kiwe kigumu zaidi. Kikitoka kama vigololi, ujue kinatoka kwenye kopo.

Sasa haya matiti yaliyolegea. Hapa ndipo wanawake wengi wanapopoteza imani, na mara nyingi huwa ni wiki hizihizi, ya tano mpaka ya nane. Mwili wa mzazi mpya ni kama mpishi asiyejua wageni watakuwa wangapi: wiki za kwanza anapika masufuria, chakula kinamwagika. Baadaye anawajua wageni wake, anapika kiasi chao. Matiti yako yameshamjua mtoto wako. Yanatengeneza maziwa muda wote, na kwa kasi zaidi kadiri yanavyonyonywa, kwa hiyo hayahitaji tena kujaa na kuuma ili mtoto apate. Mama anayenyonyesha mtoto wa miezi minane ana matiti laini kila siku na mtoto wake ananenepa. Kudondoka nako ni hivyohivyo. Wengine hudondoka mwaka mzima, wengine hawadondoki hata tone, na haina uhusiano na wingi wa maziwa. Ukubwa wa matiti pia hauna uhusiano, nikilitaja hilo kabisa kabla hujaambiwa na mtu.

Jioni ni jambo jingine. Kilio cha watoto wachanga, wawe wananyonya au wanakula kopo, huongezeka wiki hadi wiki na kufika kilele karibu na wiki ya sita, kisha hushuka taratibu, na wengi wanatulia wakifika miezi mitatu au minne. Mara nyingi hulia jioni. Na katika saa hizohizo watoto wengi hunyonya mfululizo, dakika kumi hapa, kilio, dakika tano pale. Jioni maziwa hutoka polepole kidogo kuliko alfajiri, mtoto amechoka, na titi ni mahali pake pa kula na pia pa kutulia. Kunyonya mfululizo vilevile ndiyo njia yake ya kuagiza maziwa ya siku zijazo. Mtoto wa wiki saba anayenyonya mara nane hadi kumi na mbili kwa siku yuko katika kiwango, hata kama nusu ya mara hizo zimerundikana kati ya magharibi na saa nne.

Lakini mbona alimaliza chupa akalala? Najua hili ndilo lililokuuma kuliko yote, na lile jicho la mama mkwe. Mtoto wa umri huo akiwekewa kitu kinywani kinachogusa kaakaa, atanyonya, hana hiari. Chupa inamiminika hata asipotaka, na yeye hana budi kumeza. Watoto walioshiba vizuri humaliza chupa wakipewa. Kuhusu usingizi, maziwa ya kopo hukaa tumboni muda mrefu zaidi kabla ya kusagika, na tumbo lililojazwa kupita kiasi hulaza mtu yeyote. Kulala saa tatu kunaonyesha kwamba alikunywa sana. Hakuonyeshi kwamba kabla ya hapo alikuwa na njaa.

Pampu nayo haipimi maziwa, inapima jinsi pampu inavyoelewana na mwili wako. Mtoto anajua kunyonya kuliko mashine, na wapo akina mama wenye watoto wanene ambao pampu haiwatolei karibu kitu. Ulikamua saa moja baada ya mtoto kunyonya, ukiwa na hofu, na hofu huzuia maziwa yasishuke. Mililita 40 kwa hali hiyo mimi naziona nyingi. Ile rangi ya maji ni ya maziwa ya mwanzo, yanayotangulia kila mara mtoto anaponyonya. Kadiri titi linavyozidi kuisha ndivyo mafuta yanavyoongezeka na rangi inavyokolea. Kwa hiyo mwache amalize titi moja mpaka aachie mwenyewe, ndipo umpe la pili. Kumhamisha kila baada ya dakika tano kwa kuangalia saa ndiko kunakomnyima yale mazito.

Sasa niseme kinachonitia wasiwasi katika barua yako, nacho si maziwa yako. Ni chupa mbili kwa siku. Maziwa yasiyotolewa kwenye titi huliambia titi lipunguze. Kila chupa ni mnyonyo mmoja uliokosekana. Titi linapunguza kidogo, mtoto analia zaidi, mnaongeza chupa ya tatu, na baada ya mwezi utaniandikia kwamba kweli maziwa yamekauka. Nimewaona wengi wakiingia kwenye upungufu kwa mlango huu, wengi kuliko walioanza nao. Siku tano bado ni chache, na ndiyo, maziwa hurudi.

Chupa ya asubuhi iache kesho. Asubuhi ndiyo maziwa huwa mengi, kwa sababu prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, hupanda zaidi usiku. Kwa sababu hiyohiyo usikubali mtu akulinde usingizi kwa kumnyima mtoto titi la usiku, hata akiwa na nia njema. Ile ya jioni ipunguze kwa siku tatu hivi: mililita 40, kisha 20, kisha basi, na kila mara titi litangulie, yote mawili, na ukiona anasinzia bila kumeza libane titi taratibu kwa mkono maziwa yamfuate. Mkae ngozi kwa ngozi muda mrefu uwezavyo. Wakati wote huo hesabu nepi. Kisha wiki moja baada ya chupa ya mwisho mpeleke akapimwe, kwenye mzani uleule, bila nguo. Akiongeza gramu 150 au zaidi kwa wiki hiyo, mjadala wa maziwa yako umefungwa.

Kuna kitu siwezi kukiona nikiwa huku, nacho ni jinsi anavyolishika titi. Ukienda kliniki mwambie muuguzi au mkunga akutazame ukinyonyesha tangu mwanzo hadi mwisho, foleni iwe ndefu vipi. Wewe mwenyewe angalia: mdomo uwe umefunguka sana, kidevu kimezama kwenye titi, mdomo wa chini umebinuka nje, na sehemu nyeusi ya titi ionekane zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Mashavu yawe ya mviringo. Yakibonyea ndani, au ukisikia kidomo kinalia ta-ta-ta, ameshika chuchu tupu. Baada ya minyonyo ya haraka ya kuanzia, sikiliza: ananyonya, anatua kidogo, anameza. Ukiisikia hiyo sauti ya kumeza kwa dakika kadhaa mfululizo, maziwa yanaingia. Chuchu ikitoka imebanwa bapa au ina vidonda, mtoe kwa kuingiza kidole safi pembeni ya mdomo, umweke upya. Wapo watoto ambao utando wa chini ya ulimi ni mfupi na unawazuia kushika vizuri, naye huyo muuguzi anaweza kuutazama.

Swali moja ambalo hukuligusa: wiki ya sita kliniki, ulianza uzazi wa mpango? Vidonge vyenye estrojeni hupunguza maziwa, na anayenyonyesha hashauriwi kuvitumia kabla mtoto hajafika miezi sita. Kama unavimeza, usivitupe kimyakimya ukabaki bila kinga. Rudi wakubadilishie, njia zisizo na estrojeni zipo kadhaa.

Nisieleweke kwamba upungufu wa kweli haupo. Upo. Mama aliyetokwa na damu nyingi sana wakati wa kujifungua, ambaye kipande cha kondo kilibaki tumboni, aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa matiti, mwenye tatizo la tezi ya thairoidi, au ambaye matiti yake hayakukua vizuri kwa ndani, anaweza kukosa maziwa ya kutosha hata akifanya kila kitu sawasawa. Huyo hajashindwa chochote. Mtoto wake lazima ale, kwa maziwa yake ya kukamua kwanza na kopo kwa kinachopungua, likichanganywa kama maelezo ya kwenye kopo yanavyosema, bila kuongeza maji ili lidumu. Maji matupu hapewi mtoto wa chini ya miezi sita kwa hali yoyote. Maziwa ya mama yenyewe ni maji kwa sehemu kubwa sana, karibu asilimia 88. Miezi sita ya titi peke yake, kisha chakula kingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi, ndiyo kauli ya Shirika la Afya Duniani, nami sina la kuongeza.

Ziko dalili ambazo ukiziona hutangoja wiki iishe wala jibu langu. Nepi zilizolowa zikishuka chini ya sita, au mkojo ukawa wa njano iliyokolea au wa rangi ya matofali. Mtoto akilala mpaka humwamshi kunyonya, akawa legelege, analia kwa sauti dhaifu. Mdomo mkavu, utosi uliobonyea. Macho au ngozi kuwa ya manjano kwa umri huu, au choo kuwa cheupe. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, ambayo kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Na hiyo siku mbili bila choo, kama itaambatana na tumbo kuvimba na kutapika, usiiite kawaida.

Mtoto wa jirani tumwache kwao. Kwenye kadi yako kuna mistari iliyopinda kwenda juu. Inaonyesha kwamba watoto wazima wenye afya wako juu, katikati na chini. Tunachotazama ni kama binti yako anafuata mstari wake mwenyewe. Alizaliwa mdogo kidogo kuliko wastani, na bado anapanda nao. Hatakiwi kuhamia mstari wa mwenzake.

Kwa mama mkwe, usibishane naye kuhusu maziwa. Mchukue kliniki siku ya kupima. Mtoto akiwa juu ya mzani, mwombe muuguzi aeleze kwa sauti uzito wa leo na uzito wa mara iliyopita, naye asikie kwa masikio yake kutoka kwa mtu asiye wewe. Wakati wa kumlea yeye wanawe, inawezekana hakuna aliyemweleza kwamba titi laini si titi tupu. Mwambie hivi: "Mama, nipe wiki mbili nijaribu titi peke yake, na jioni nisaidie kumbeba nikishamnyonyesha." Mtu aliyepewa kazi ya kufanya hupunguza maneno, na huyo amekuja kusaidia, wewe mwenyewe umesema.

Umeniambia ulilia. Kilio cha siku moja mbele ya pampu nakielewa. Lakini ikiwa unalia siku nyingi, huna hamu na chochote, hulali hata mtoto akilala, au mawazo yanakuja kwamba heri usingekuwepo, mwambie muuguzi na mwambie mumeo leo, bila kusubiri siku ya mzani. Hiyo ni hali inayotibika, na unaweza kutibiwa huku unanyonyesha.

Wewe ule ushibe na unywe maji kila unapoona kiu. Kujilazimisha lita kwa lita hakuongezi maziwa. Na baba mtoto, ambaye alikimbia kununua kopo kwa sababu hakuvumilia kuwaona mnalia wote wawili, mpe zamu ya saa moja jioni hadi saa tatu: kila mtoto akiachia titi ampokee, amcheulishe, amtembeze amemlaza kifuani. Akianza kutafuta titi tena, amrudishe kwako.